Kisanduku Kimoja cha Mke

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikaa nyuma ya dirisha dogo la kituo kimoja cha redio hapa Kisumu, nikipokea matangazo ya vifo. Mtu alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha mezani kwa kiganja, nami nikaisoma mbele yake kwa sauti ya chini ili tuhakikishe hakuna aliyesahauliwa. Kisha niliiandika upya kwa Kiswahili na kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, ilisomwa hewani. Nilizaliwa Kaloleni, mtaa wa papa hapa Kisumu, katika nyumba ya Waislamu ambao babu yao alikuja kuuza vitambaa akasahau kurudi pwani, kwa hiyo Kiswahili changu kilisifiwa, na Dholuo nilikiokota uwanjani nikicheza. Watu walinionea huruma kwa kazi ile. Mimi niliiona kuwa kazi ya heshima, na sikuwahi kumsikiliza aliyeniambia vinginevyo.

Mgeni akisikia matangazo yetu hudhani tunarefusha maneno bure. Hajui kwamba waliomhusu marehemu walipata habari siku ileile, wala hawakuhitaji redio kuwaambia. Tangazo la kifo la huku ni orodha ya watu. Marehemu alikuwa mume wa fulani na fulani, baba wa hawa, mmoja yuko bandarini na mwingine anafundisha Ahero, kaka wa wale, shemeji wa hao, mjomba wa wengine walio Nairobi na ng'ambo. Anayetajwa ametambuliwa mbele ya eneo zima kuwa ni wa boma lile, na anayeachwa atakuwa na kazi ya kujieleza maisha yake yote. Nimeona wanaume wenye mvi wakizozana dirishani kwangu kwa sababu jina la mdogo limetangulia la mkubwa. Niliwangoja wamalize, nikawapa maji ya kunywa, kisha nikaandika walivyokubaliana.

Halafu tukaletewa meneja wa mitandao.

Alikuja kutoka Nairobi na simu mbili, viatu visivyo na soksi, na neno moja alilolipenda kupita kiasi: familia. Wasikilizaji wetu waliacha kuwa wasikilizaji wakawa familia. Kila asubuhi aliweka picha ya kikombe cha chai kwenye ukurasa wa kituo, akaandika, "Habari ya asubuhi familia, wangapi wameamka salama?" Na watu wazima, wenye ng'ombe na wajukuu, wakajibu kwamba wameamka. Aliyewahi kujibu wa kwanza alitajwa hewani, akawapigia ndugu zake kuwaambia ametajwa. Nilikuwa naangalia mambo hayo nikijiuliza kama ni mimi nimezeeka au ni dunia imelegea akili.

Sisemi alikuwa peke yake katika upuuzi ule, maana mji mzima ulikuwa umeambukizwa. Hoteli moja ya kando ya ziwa iliuliza kila Ijumaa kama tunapenda samaki wa kukaanga au wa mchuzi, na watu wakabishana mpaka Jumapili, na jikoni wakaendelea kupika walivyokuwa wakipika. Duka la mabati huko Nyamasaria lilitutakia wiki njema, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa picha ya jua lililochomoza mahali pasipo Kenya. Kampuni moja ya intaneti ya nyumbani iliweka picha za wafanyakazi wake wakikata keki ya kusherehekea wateja, na chini ya keki wateja wenyewe wakauliza intaneti imeenda wapi. Wote walipewa jibu moja: asante kwa kuwasiliana nasi, tuandikie faraghani. Jirani yangu aliandika faraghani. Mashine ikamjibu kwamba ujumbe wake ni wa thamani sana, na huo ukawa mwisho wa thamani yake.

Hayo yote yaliitwa kushirikiana na jamii, na kulikuwa na semina za kufundishwa. Mimi nilipelekwa kwenye moja. Tuliketi katika ukumbi wenye kiyoyozi tukaambiwa kwamba jamii iko mtandaoni, na kwamba biashara ikitaka kupendwa lazima iongee kama rafiki. Nje ya dirisha niliwaona akina mama wa samaki wakiongea na wateja wao. Hawakuwa wamehudhuria semina, lakini kila mmoja alijua mteja wake ana watoto wangapi. Nilikula chakula cha mchana cha bure nikarudi dirishani kwangu.

Meneja wetu alikuwa na tabia ya kuangalia takwimu za ukurasa huku akitafuna kalamu. Siku moja aliruka kutoka kitini akaja kwangu akiwa ameng'aa uso.

"Mama, unajua ni nini inabeba hii page?" akaniuliza. "Si muziki. Si mpira. Ni vifo. Tangazo moja la matanga linashinda post zangu za wiki nzima."

"Ni kwa sababu ni watu wao," nikamwambia.

"Exactly. Sasa tutaifanyia kazi vizuri."

Alivyoifanyia kazi ndivyo hivi. Kila marehemu alitengenezewa picha yenye mshumaa upande mmoja na waridi upande wa pili, na alama ya kituo chetu ikabandikwa begani kwake kana kwamba alikuwa mfanyakazi wetu. Duka moja la fanicha likajitolea kuwa mfadhili. Chini ya kila mshumaa kukawa na mstari: rambirambi hizi umeletewa na fulani, makochi ya kisasa. Watu wakaanza kumiminika. Aliyemjua marehemu aliandika pole, na asiyemjua akaandika pole mbili. Kisha wakaja wenye biashara zao ndogo: poleni sana familia, Mungu awafariji, kwa mahitaji ya mbolea nipigie. Nilizoea kufunga macho nikiona zile komenti, lakini meneja alizihesabu zote pamoja na ya mbolea.

Baadaye akaleta fomu. Alisema karatasi zangu zilikuwa ndefu mno, kwamba mtu wa mtandaoni hasomi zaidi ya mistari sita, na kwamba kuanzia siku ile kila tangazo lingejazwa mara moja kwenye kompyuta, litoke lilivyo kwenye ukurasa na lisomwe vilevile hewani. Fomu ilitengenezwa Nairobi na rafiki yake. Ilikuwa na kisanduku cha jina, kisanduku cha picha, kisanduku cha siku ya mazishi, kisanduku cha watoto ambacho kilitaka idadi tu, na kisanduku kimoja cha mke au mume. Ndugu, mashemeji na wajomba hawakuwa na kisanduku.

Nilikiona kile kisanduku kimoja nikajua. Mtu aliyekaa dirishani pale miaka yote ile hawezi kujifanya hakujua. Nilimwambia meneja kwamba huku wanaume wengi wa rika fulani wana wake wawili au watatu, na kwamba mke wa kwanza ana jina lake, mikayi, na wa pili ana lake, nyachira, na kila mmoja ana mlango wake bomani. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemsikiliza bibi yake.

"Mama, tuweke tu yule main," akasema.

Nikarudi mezani kwangu. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na nilikwisha kuona wenzangu wawili wakiagwa kwa keki kwa sababu hawakuendana na mabadiliko. Huo ndio ukweli wangu na sioni sababu ya kuupamba.

Tangazo lenyewe lililetwa Jumatatu. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Bondo, na aliyeleta karatasi alikuwa katibu wa kamati ya mazishi, mzee mwenye sweta ya kanisa. Tuliisoma pamoja. Wake walikuwa wawili, wameandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, wa kwanza kisha wa pili, na "na" katikati. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mzee akashukuru akaenda zake akijua kwamba kazi imeisha, kwa sababu tangu aanze kuleta matangazo kwangu sikuwahi kumwacha mtu.

Kesho yake nikaketi kwenye kompyuta. Niliandika jina la mke wa kwanza kwenye kisanduku, nikajaribu kuongeza la pili, kikagoma. Nikajaribu kufupisha la kwanza, kikagoma vilevile. Nikamwita meneja, naye alikuwa kwenye simu akanipungia mkono niendelee. Saa saba ilikuwa inakaribia, na msomaji alikuwa anangoja studioni na kompyuta yake kibao ya kusomea. Nikaliacha jina moja likae peke yake, nikabonyeza. Meneja ndiye aliyeleta fomu, lakini kidole kilikuwa changu.

Likasomwa hewani hivyohivyo: mume wa mmoja, baba wa watoto tisa. Kabla sijamaliza kula, ukurasa ulikuwa umechemka. Mtu wa kwanza aliuliza, kwa ustaarabu tu, yule mama wa pili amekwenda wapi. Wa pili akajibu kwamba labda alifukuzwa. Wa tatu, anayeishi ng'ambo na mwenye picha ya gari ambalo naamini si lake, akaandika insha nzima kuhusu wanawake wanaovamia ndoa za watu. Hapo wakajigawa makundi mawili. Kulikuwa na watetezi wa mikayi na watetezi wa nyachira, wakatukaniana mama, wakaulizana waliolewa wapi, na nina hakika wengi wao hawangeweza kuionyesha Bondo kwenye ramani. Walimwita marehemu majina ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuthubutu kumwita. Mshumaa uliendelea kuwaka juu ya yote hayo, na chini yake makochi.

Nilikwenda kwa meneja nikamwambia tangazo lina kosa, tulitoe, tuliweke upya na majina yote mawili. Alinigeuzia simu nione.

"Mama, angalia hii kitu. Haijawahi tokea. Tukiedit sasa tutaiua."

"Kuna mtu ameachwa."

"Ndiyo maana inaenda. Wacha tuipatie hadi weekend."

Jumatano aliongeza kuni. Aliweka swali jipya: je, mke wa pili ana haki ya kutajwa kwenye tangazo la mazishi? Weka moyo kama ndiyo, weka kidole kama hapana, na umwite rafiki mmoja aje aseme yake. Mwenye duka la fanicha akapiga simu kupongeza. Nikampigia mwenye kituo, bwana ambaye huko nyuma alikuwa akija dirishani kwangu kunisalimu kila mwisho wa mwezi, nikamweleza. Akasema kwamba mambo ya mtandao ana mtu wake, na kama kuna marekebisho tuyafanye Jumatatu kwa utulivu. Nikamkumbusha kwamba mazishi ni Jumamosi. Akasema, ndiyo, Jumatatu.

Alhamisi asubuhi mwanamke akaja dirishani. Alikuwa amevaa gauni jeusi na kitambaa cheusi, viatu vimejaa vumbi la njia, na mkononi alikuwa na ile karatasi yenyewe, nakala ya kamati, imekunjwa mara nne. Aliinyoosha mezani kwa kiganja. Sikuhitaji kuuliza yeye ni nani.

"Mama, shikamoo," akaniambia, ingawa tulikuwa rika moja. "Mimi ndiyo huyu." Akaweka kidole kwenye jina la pili.

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Tulikuwa tumeketi kwa boma, watu wengi, redio imewekwa kwa dirisha," akasema. "Nikasikia bwana yangu ametajwa. Nikasikia mama mkubwa. Nikangoja jina yangu. Nikasikia tu watoto tisa, halafu mwili itatoka mochari Ijumaa. Watu wote wakaniangalia."

Alinieleza yaliyofuata bila kupandisha sauti. Ndugu wa marehemu, shemeji yake, alikuwa na jicho kwenye kipande cha shamba kilicho nyuma ya nyumba ya huyu mama. Siku zote alikosa pa kuanzia. Jumanne jioni alisimama mbele ya kamati akasema hata redio imetangaza bibi ni mmoja. Kesho yake akaenda Bondo mwenyewe kuchapisha programu ya mazishi, kile kijitabu chenye picha na wasifu ambacho kila mwombolezaji hupewa, na maneno akayatoa kwenye ukurasa wetu kama yalivyo. Kwenye programu ndiko mpangaji wa shughuli husoma nani aketi hema la wajane na nani aitwe kutupa mchanga kaburini. Na shemeji alikuwa amemwambia kwamba mazishi yakiisha arudi kwao Ahero, kwa watu wa mpunga, maana hapo hakuna karatasi inayomjua.

"Kwetu nimetoka nikiwa msichana," akasema. "Huko ni nani atanipokea sasa? Wewe nirudishie tu jina yangu."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani, lakini macho yake yalikuwa yamewaka.

"Mama, pole sana," akamwambia. "Sisi tuko na wewe. Tunaweza kukuweka live sasa hivi, dakika kumi tu, uongee na familia, useme story yako yote. Nchi nzima itakusikia."

Yule mama alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye vile vifundo vya miguu visivyo na soksi.

"Nchi nzima ya nini?" akamwuliza. "Mimi nataka watu wa kwetu wasikie, hapo hapo kwa redio mlinitoa."

Meneja akasema atalishughulikia, akarudi ndani. Mama akanigeukia. Nilimwambia nitafanya niwezalo. Ni maneno ya mtu asiyekusudia kufanya kitu, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu aliikunja karatasi yake akaondoka bila kuniaga. Saa saba ilipofika nilisimama nje ya mlango wa studio, taa nyekundu inawaka. Ningeweza kuingia. Msomaji angenipisha, ni mtu niliyemfundisha kazi. Sikuingia, na Ijumaa pia sikuingia. Nilirudi mezani nikapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, na nikajidharau kuliko nilivyomdharau meneja.

Ijumaa hiyo meneja alinijia na fulana ya kituo na simu yake ya pili. Nilitumwa Bondo, kwa kuwa mimi ndiye niliyezijua lugha na mila. Kazi yangu ilikuwa kurusha mazishi moja kwa moja kwenye ukurasa, hasa wake wawili watakapokutana kaburini.

"Ukimpata wa pili akilia, zoom," akasema. "Familia itapenda."

Jumamosi tulifika kabla ya saa nne, mimi na gari la kituo lenye spika juu. Boma lilikuwa limejaa. Mahema yalikuwa yamesimama, kaburi limechimbwa upande wa kulia wa nyumba ya mikayi, kwaya inajaribu sauti. Hema la wajane lilikuwa mbele kabisa, na ndani yake mikayi aliketi peke yake, mwanamke mnene mwenye miwani, na kando yake kiti kitupu. Nyumba ya mke wa pili ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alikuwa ameketi kizingitini, na lile gauni lake jeusi, mikono magotini. Hakuwa akilia. Alikuwa anaangalia tu shughuli za nyumbani kwake zikiendelea bila yeye.

Nilimwona shemeji, nikamjua kwa jinsi alivyokuwa akiamuru watu. Alikwenda kwenye hema la wajane, akashika kile kiti kitupu mgongoni akitaka kukiondoa. Mikayi hakumtazama. Alichukua mkoba wake kutoka mapajani akauweka juu ya kiti. Shemeji akajifanya ameitwa upande wa jikoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ujinga wetu ulikuwa mkubwa kiasi gani. Wiki nzima maelfu ya watu walikuwa wakipigana vita vya wanawake wawili, na hakuna aliyekuwa amemwuliza hata mmoja wao kama kuna vita. Na mimi pia, niliyejiona bora kuliko wote, nilikuja Bondo nikitegemea kukuta maadui. Nilikuwa nimekula uongo wa ukurasa uleule niliokuwa nautemea mate.

Mikayi aliiona fulana yangu. Akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiyo ya redio?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana kwa msiba."

"Nani alikuambia niko peke yangu kwa hii boma?"

Nikaanza kueleza kuhusu fomu. Nilipofika kwenye kisanduku aliinua mkono kunikatiza.

"Huyo mama nimeishi na yeye miaka thelathini na moja," akasema. "Tumegombana, tumenyimana chumvi, tumelea watoto. Mzee alipolala hospitali, ni yeye alikuwa anamgeuza. Mimi mgongo haikubali. Sasa nyinyi mnaweka watu wasiojulikana kupiga kura juu yake? Na wanasema ni mimi wananisaidia?"

Aliinama akavuta boksi kutoka chini ya kiti chake. Programu zote zilikuwa humo. Alikuwa ameagiza ziletwe kwake zikitoka kwenye gari, kama haki ya mwenye boma, na akakataa hata moja igawiwe. Shemeji alikuwa na sauti, lakini boksi lilikuwa chini ya kiti cha mikayi, na hakuna mtu pale ambaye angeingiza mkono.

Akatoa kalamu ya wino wa bluu kwenye mkoba, akanipa.

"Ulimtoa. Mrudishe," akasema. "Kila moja."

Niliketi chini kwenye nyasi, mgongo kwenye nguzo ya hema, boksi mapajani. Nilifungua ya kwanza. Ilikuwa hivyohivyo, maneno yangu, hata nukta niliyoisahau. Mume mpendwa wa, jina moja, kisha nafasi nyeupe. Niliandika "na", nikaandika jina la pili kwa wino wa bluu kando ya chapa nyeusi. Mikayi akaichukua ile ya kwanza, akaisoma kwa kuisogeza mbali na miwani, akampa binti yake mkubwa aipeleke ng'ambo ya uwanja.

Nilimwona yule mama akiipokea kizingitini. Aliisoma, akaigeuza akaangalia jalada la nyuma, akarudi tena palepale. Kisha akainuka, akajifuta gauni, akatembea katikati ya uwanja mbele ya watu wote wale, bila haraka. Mikayi akauondoa mkoba. Mke wa pili akaketi. Baada ya muda niliona kwamba amekifungua kile kijitabu na ameweka kidole mahali pake, na hakukiondoa hata kwaya ilipoanza.

Simu ya meneja ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu. Niliitoa mara moja nikasoma: uko live? Kisha: familia inangoja. Niliizima nikaiweka chini ya boksi. Mpangaji wa shughuli alikuwa amekwisha kuja kuomba programu yake, akapewa yenye wino, akaisoma akatikisa kichwa kukubali. Waombolezaji wakaanza kujipanga kupokea zao. Nikaongeza mwendo. Vidole vilikuwa vimeanza kuuma, wino unanipaka kiganja, na herufi zikaanza kulala, zikafupika, nusu jina, mkwaruzo tu.

Mikayi aliinama juu ya bega langu, akaangalia, akairudisha ile niliyoimaliza mapajani mwangu.

"Andika vizuri," akaniambia. "Hiyo ni jina ya mtu."